EL NINO HAIKO PEKE YAKE

Katika ukurasa huu wa somo ninakusudia kuzungumza juu ya mvua kubwa, zile zinazobomoa madaraja na kuingia nyumbani bila hodi. Kilichonisukuma kushika kalamu ni neno moja tu: El Nino. Siku hizi neno hili limekuwa jina la kila mvua. Ikinyesha siku tatu mfululizo, watu husema El Nino. Mto ukivunja kingo, El Nino. Hata paa la darasa likivuja utamsikia mtu nyuma akinong'ona kwamba El Nino imeingia. Na mwaka ambao El Nino imetangazwa halafu mvua isinyeshe ya kutisha, watu wanacheka na kusema wataalamu ni waongo. Mimi naona si waongo. Tatizo ni kwamba tumejifunza jina moja, ilhali wanaohusika na mvua zetu ni wengi. Basi tuwataje mmoja mmoja.

Tuanze na wale ambao babu zetu wa pwani waliwajua kabla ya chombo chochote cha kupimia: kusi na kaskazi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Majahazi ya kutoka Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha pepo kugeukageuka, ambacho watu wa pwani hukiita maleleji. Wazungu nao wana neno lao la pepo hizi, na ukilichimbua asili yake utakuta ni neno la Kiarabu mawsim, lile lile lililotupa sisi neno "msimu". Kwa hiyo tunaposema pepo za msimu tunalitumia neno lenyewe, hatukutafsiri kitu.

Kwa nini pepo zigeuke? Nchi kavu hupata joto upesi na kupoa upesi. Bahari huchelewa kwa yote mawili. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini mwa ikweta, Bara Hindi na Arabuni zinawaka moto. Hewa yao inakuwa nyepesi, inapanda juu, na kanieneo inapungua. Hewa ya baharini iliyo nzito inakimbilia huko kujaza nafasi. Hiyo ndiyo kusi. Mwezi wa Januari mambo hugeuka, bara la Asia likawa baridi na hewa ikarudi kwetu. Hiyo ni kaskazi. Na pale pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Ikipanda inapoa, mvuke unageuka matone, mvua inanyesha. Ukanda huo wa makutano hulifuata jua, kwa hiyo hutupitia mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei tukapata masika, Oktoba hadi Desemba tukapata vuli.

Hapa kuna swali ambalo lilinitatiza. Kenya iko juu ya ikweta. Kongo iko juu ya ikweta, ina misitu minene. Indonesia vilevile. Mbona sisi tuna Garissa na Wajir? Jibu moja liko katika kusi yenyewe. Ikifika kwetu haiingii bara moja kwa moja. Inavuma sambamba na pwani, inaongeza mwendo, inapita Somalia kisha inakata kuelekea Bara Hindi. Mkondo huu wenye kasi ulielezwa mwaka wa 1966 na mtaalamu aitwaye J. Findlater, kwa vipimo vilivyochukuliwa hapa hapa Kenya. Tena unapopita Somalia unayasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali na pwani, maji baridi ya chini yanapanda, na bahari baridi haitoi mvuke mwingi. Kwa kifupi, pepo zenye maji zinatupita kama matatu iliyojaa: tunaiona, tunapunga mkono, haisimami. Abiria wote wanashukia Kerala, ambako mvua ya kusi hufika takriban tarehe 1 Juni, na kutoka hapo India hupata karibu robo tatu ya mvua yake ya mwaka katika miezi minne. Mji wa Mumbai tarehe 26 Julai 2005 ulipata milimita 944 kwa siku moja! Hiyo haiko mbali na mvua ya mwaka mzima mjini Mombasa.

Sasa twende kwa huyu El Nino mwenyewe. Nyumbani kwake si hapa, ni Bahari ya Pasifiki. Chukua karai pana, tia maji, kisha upulizie kutoka upande mmoja bila kupumzika. Utaona maji yanajikusanya upande wa pili. Ndivyo ilivyo Pasifiki. Pepo za huko huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi karibu mwaka mzima, zikiyasukuma maji yenye joto kuelekea Indonesia, hata bahari ya huko iko juu kwa takriban nusu mita kuliko upande wa Amerika ya Kusini. Kule Peru maji baridi hupanda kutoka chini, yakiwa na chakula tele cha samaki. Lakini kila baada ya miaka kama miwili hadi saba pepo zile hulegea. Nani amewahi kupuliza karai bila kuchoka? Maji moto yakarudi mashariki, samaki wa Peru wakatoweka, na mvua iliyokuwa ikinyesha Indonesia ikahama pamoja na maji yale. Wavuvi wa Peru waliona jambo hili hujitokeza sana wakati wa Krismasi, wakaliita El Nino, maana yake Mtoto, yaani Mtoto Yesu. Pepo zikizidi nguvu badala ya kulegea, tunapata kinyume chake, La Nina.

Upande wa hewa wa jambo hili uligunduliwa na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine. Gilbert Walker alikuwa mkuu wa idara ya hali ya hewa nchini India tangu 1904 hadi 1924. Mvua ya kusi ilikuwa imekosa kunyesha mwaka wa 1899, njaa kubwa ikafuata, na kazi yake ilikuwa kutafuta dalili za kubashiri mvua kabla haijakosa. Alikusanya takwimu za dunia nzima akaona kwamba kanieneo ya hewa ikipanda upande wa Pasifiki hushuka upande wa Bahari ya Hindi, na kinyume chake, kama watoto wawili juu ya bembea ya ubao. Akaipa jina la Bembea ya Kusini. Wenzake wengi walimtilia shaka. Mpaka mwaka wa 1969 ndipo Jacob Bjerknes alipoeleza wazi kwamba bembea ya hewa ya Walker na maji moto ya wavuvi wa Peru ni kitu kimoja.

Mpaka hapo ni somo ambalo wengi wetu tumelisikia katika Jiografia. Sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Bahari ya Hindi nayo ina bembea yake. Wataalamu huiita Dipoli ya Bahari ya Hindi, maana yake ni kitu chenye ncha mbili. Ncha moja iko kwetu, magharibi, kati ya Afrika Mashariki na Arabuni. Ya pili iko mashariki, kando ya Sumatra. Kwa kawaida upande wa Sumatra una joto zaidi, na mvua hukaa huko. Lakini miaka fulani, kuanzia kama Mei au Juni, pepo za kutoka kusini mashariki huvuma kwa nguvu kandokando ya Sumatra, maji baridi yakapanda huko, na maji moto yakajikusanya upande wetu. Hapo dipoli inasemekana ni chanya. Kufikia Oktoba bahari iliyo mlangoni petu inatoa mvuke mwingi, pepo zinaisukuma hewa hiyo ije bara, na vuli inageuka gharika. Indonesia na Australia zinabaki kavu. Ikiwa hasi, zamu inageuka: wao wananyeshewa, sisi tunakauka.

Wataalamu waliolieleza jambo hili na kulipa jina, N. H. Saji na Toshio Yamagata pamoja na wenzao, walichapisha matokeo yao mwaka wa 1999. Tafadhali itazame tena tarehe hiyo. Mafuriko makubwa yaliyoingiza neno El Nino katika vinywa vya Wakenya yalikuwa ya 1997. Yaani tulipokuwa tukijifunza jina la mmoja, mwenzake alikuwa hajapewa jina hata katika vitabu vya wataalamu! Si ajabu basi kwamba lawama zote zilimwangukia mmoja.

Na ushahidi uko wapi? Uko katika miaka yenyewe. Hebu tuipange.

Mwaka wa 1961 hakukuwa na El Nino. Pasifiki ilikuwa imetulia. Hata hivyo vuli ya mwaka huo ilikuwa ya ajabu, mafuriko yake yakaja kujulikana kama mafuriko ya Uhuru, na kati ya 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Dipoli ilikuwa chanya, tena kwa nguvu.

Mwaka wa 1997 wote wawili walikuja pamoja. El Nino ilikuwa mojawapo ya zile kubwa kabisa za karne, na dipoli ilikuwa chanya kwa nguvu. Mvua ilianza Oktoba ikaendelea hadi mwaka wa 1998. Barabara na madaraja vilikatika. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1997, upigaji kura uliongezwa siku ya pili, mojawapo ya sababu ikiwa vifaa kushindwa kufika kwa ajili ya mvua. Maji yalipotuama Kaskazini Mashariki, mbu walizaana, na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo huko Garissa na kusini mwa Somalia. Ugonjwa huo ulirudi tena mwisho wa 2006, mwaka ambao pia El Nino na dipoli chanya vilikutana. Kwa hiyo daktari wa mifugo naye ana haki ya kuuliza habari za Bahari ya Hindi.

Kuna jambo la mwaka huo huo wa 1997 ambalo halisemwi sana. El Nino kwa kawaida hudhoofisha mvua ya India. Kwa El Nino kubwa kama ile, watu wa huko walitarajia ukame. Kumbe walipata mvua ya kawaida! Dipoli chanya iliwasaidia, ikaongeza mvuke upande huu wa bahari. Bembea ile ile iliyotuzamisha sisi ndiyo iliyowaokoa wao.

Mwaka wa 2015 El Nino ilikuwa kubwa sana, ya kulinganishwa na ile ya 1997. Serikali ikatangaza maandalizi, wazazi wakahofu. Mvua ikaja, sehemu nyingine ikaleta madhara, lakini gharika ya 1997 haikurudi. Dipoli ya mwaka huo haikuwa na nguvu kubwa. Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na naona kicheko hicho kimetugharimu.

Mwaka wa 2019 ni kama 1961. Pasifiki ilikuwa karibu na kawaida, lakini dipoli ilikuwa mojawapo ya zile zenye nguvu zaidi tangu vipimo vianze. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba maporomoko ya udongo yalizika vijiji huko Pokot Magharibi, watu zaidi ya 40 wakafa. Mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja. Mwishoni mwa 2019 Australia nayo ilikuwa inateketea kwa moto wa misitu, kwa kuwa upande wao wa bembea ulikuwa umekauka. Na nzige walioingia Kenya Desemba 2019? Walizaliana kwanza katika jangwa la Arabuni lililonyeshewa na vimbunga viwili vya 2018, Mekunu na Luban, kisha wakakuta kwetu majani mabichi yaliyoletwa na vuli ile.

Halafu bembea ikageuka. La Nina ikakaa miaka mitatu mfululizo, na mwaka wa 2022 dipoli ikawa hasi. Misimu mitano ya mvua ilikosa, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, na mifugo zaidi ya milioni 2 wakafa katika kaunti kavu za Kenya.

Ikaja 2023. El Nino ilikuwa inajengeka, na dipoli ilikuwa chanya kwa nguvu, sawasawa na 1997. Mwezi wa Agosti kituo cha ICPAC kilichoko Ngong, ambacho hutabiri hali ya hewa kwa nchi za eneo hili, kilisema vuli itakuwa na mvua zaidi ya kawaida. Mwezi wa Oktoba wananchi wakatangaziwa kwamba El Nino haitakuja kama ilivyodhaniwa, na wengi wakapumua, wakalala. Novemba Garissa ikakatiwa barabara, Mandera na Tana River zikafunikwa na maji, mji wa Beledweyne nchini Somalia ukazama. Nchini mwetu waliokufa walipita 100. Ukiniuliza mimi, ubishi wa kama ni El Nino au si El Nino ulikuwa ubishi juu ya jina. Maji ya mlangoni petu yalikuwa tayari yana joto, na hilo ndilo lililofaa kutangazwa kila siku redioni.

Sasa kuna kosa la pili, na hili tulilifanya karibu sote. Masika ya 2024 yalipoleta mafuriko, tukasema El Nino imerudi. Mnakumbuka muhula wa pili wa mwaka huo ulivyocheleweshwa, ufunguzi wa shule ukasogezwa mara mbili hadi tarehe 13 Mei. Mathare maji yaliingia nyumbani, na alfajiri ya tarehe 29 Aprili ukuta wa maji, matope na mawe uliwapitia watu wa Mai Mahiu wakiwa usingizini. Karibu watu 300 walikufa msimu huo. Lakini El Nino ilikuwa inakufa kufikia wakati huo, na dipoli haina nguvu katika miezi hiyo. Bembea hizi mbili huathiri vuli hasa. Kwa nini? Kwa sababu kaskazi ikishika mwezi wa Desemba, pepo za Sumatra hugeuka, maji baridi ya huko huacha kupanda, na dipoli huvunjika. Ndiyo maana nasema pepo za babu zetu bado ndizo zinazoamua: hata bembea ya bahari hungoja ruhusa ya kusi kuanza na hufukuzwa na kaskazi.

Masika yana wakubwa wake wengine. Mmoja ni wimbi la mawingu linalozunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki karibu na ikweta, likichukua takriban siku 30 hadi 60 kwa mzunguko. Liligunduliwa na Roland Madden na Paul Julian mwaka wa 1971, nalo hubeba majina yao. Likiwa juu ya Bahari ya Hindi magharibi hewa hupanda na mvua hukazana kwa wiki moja au mbili. Likishapita, tunapata jua na watu wanadhani msimu umekwisha. Katika masika ya 2018, ambayo yalivunja rekodi katika vituo kadhaa nchini, wimbi hili lilikuwa na nguvu, na vimbunga vilivyokaa mashariki mwa Madagaska vilisaidia kuivuta hewa yenye mvuke kutoka upande wa Kongo. Kimbunga kikiwa mahali pengine huweza hata kutunyang'anya mvua. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, jambo ambalo ni nadra sana karibu hivi na ikweta.

Juu ya haya yote kuna joto la dunia. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Haina maana kwamba kila mahali patanyesha zaidi. Maana yake ni kwamba bembea ikielemea kwetu, ndoo inayomwagwa ni kubwa kuliko ile ya mwaka wa 1961. Na sisi tumeiongezea kazi kwa kujenga mabondeni na kuziba mitaro kwa karatasi za plastiki na chupa, lakini hiyo ni mada ya mwingine.

Basi tangazo la vuli likitoka, tulisikilizeje? Kwanza, lazima useme ni msimu gani. Pili, uliza habari za bahari mbili, si moja. Tatu, ukisikia kwamba kuna uwezekano wa asilimia 60 wa mvua kuwa juu ya kawaida, usielewe kwamba mvua imeahidiwa. Katika miaka 10 yenye dalili kama hizo, 6 ilikuwa na mvua nyingi, 4 haikuwa. Mkulima anayepanda kando ya mto anaweza kuamua mwenyewe kama atabahatisha mahindi yake kwa 4 dhidi ya 6. Nne, utabiri wa msimu haujui siku. Mwezi wa Agosti hakuna anayeweza kukuambia kama mto utafurika tarehe 12 Novemba. Hilo linajulikana siku chache tu kabla, kwa utabiri wa kila siku wa Idara ya Hali ya Anga, kwa hiyo aliyesikiliza mara moja mwezi wa Agosti akazima redio hajasikia kitu.

Na kwa wenzetu wanaokaa nyanda za Kano na Budalang'i, mvua ya kuangalia si ile inayonyesha kwako. Mto Nyando huteremka kutoka vilima vya Nandi na Kericho, Nzoia kutoka Cherangani na Mlima Elgon. Ahero jua linaweza kuwa linawaka, nguo zimeanikwa, na maji yakaingia uani saa nane mchana, kwa sababu ilinyesha huko juu jana usiku.